Mti niliomuuzia ndio huu? Jibu kwa muuza miche wa Kiboswa

SWALI: Mwalimu, habari za Njoro. Mimi nauza miche kando ya barabara pale Kiboswa, ukitoka Kisumu kwenda Kakamega. Miaka sita iliyopita nilimuuzia mzee mmoja mche wa avokado wa grafti, yaani kijiti cha avokado aina ya Hass kilichopandikizwa juu ya shina la kienyeji. Juzi amerudi na mfuko wa matunda: laini, ya kijani, ya kienyeji kabisa. Nilipofika shambani kwake nikakuta kijiti cha Hass kilikauka zamani, machipukizi ya chini ndiyo yamekuwa mti. Nikamwambia, mzee, mti ni ule ule niliokuuzia, mizizi ile ile, shimo lile lile. Akanijibu: "Mti ulioniuzia ulikufa. Huu ni mwingine, umesimama mahali pake." Nilikosa la kusema. Binamu yangu anayesoma falsafa chuoni alicheka, akasema wanafalsafa hawajawahi kujishughulisha na mimea, hilo nimpelekee afisa wa kilimo. Ni kweli? Na mwenye haki ni nani, mimi au mzee?

JIBU: Mwanangu, nimelisoma swali lako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba mbele ya avokado yangu mwenyewe. Nayo ni ya grafti. Kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini ina uvimbe, kama kiwiko cha mtu aliyevunjika mkono akaungwa na mganga wa kijijini. Chini ya uvimbe gome ni la kijivu, limepasukapasuka. Juu yake ni laini zaidi na rangi imekolea. Miaka kumi na moja nimepita hapo kila asubuhi nikienda kuwafungulia kuku, na sikuwahi kujiuliza ulichouliza wewe. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa mshahara kufundisha falsafa.

Tuanze na binamu yako. Amekosea, ila kosa lake lina chanzo. Mimea imo katika falsafa tangu mwanzo kabisa, lakini mara nyingi imewekwa pale kama kidato cha chini cha ngazi, kitu cha kukanyagia ili binadamu aonekane mrefu. Plato, Mgiriki wa kale, katika kitabu chake Timaeus, anasema mtu ni mmea wa mbinguni na si wa ardhini, na kwamba mzizi wetu ni kichwa, nacho kimeshikizwa juu. Mwanafunzi wake Aristotle akasema mizizi kwa mmea ni kama kichwa kwa mnyama, maana hapo ndipo chakula kinapoingilia. Ukiziunganisha kauli hizo mbili unapata picha ya kuchekesha: mtu ni mti uliopinduliwa, na mti ni mtu aliyezikwa kichwa chini. Picha hiyo ilidumu Ulaya kwa karne nyingi.

Halafu kuna tusi. Katika Metaphysics, kitabu cha nne, Aristotle anapambana na mtu anayekataa kwamba jambo haliwezi kuwa na kutokuwa kwa wakati mmoja. Akisema neno lenye maana, atanaswa na neno lake. Asiposema chochote, hakuna haja ya kubishana naye, kwa kuwa mtu wa hivyo, kwa hali hiyo, ni kama mmea. Wanafunzi wangu walilishika tusi hili kuliko somo lenyewe. Nililisikia hadi kwenye foleni ya chakula. Mahali pengine anauliza: kulala usingizi mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata uwe wa miaka elfu, kunatofautiana vipi na kuishi kama mmea? Kwake mmea ni kiumbe kilicholala bila kuamka. Hapa Kiswahili hunichekesha, kwa sababu kwetu mbegu huota na aliyelala naye huota. Sijengi hoja juu ya neno, maneno mawili yanaweza kufanana kama watu wasio ndugu. Ningependa tu kumwona mzee wa Athens akielezwa.

Lakini huyo huyo Aristotle ndiye aliyefundisha kwamba mmea una nafsi. Usilishtukie neno. Nafsi tumelipata kwa Waarabu, na ndilo mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037) alilotumia alipopanga nafsi ya mimea, nafsi ya wanyama na nafsi ya binadamu. Nafsi ya mimea si kizuka kinachokaa ndani ya gogo. Ni ule uwezo unaokifanya kitu kiwe hai: kujilisha, kukua, kuzaa. Na alipouchunguza uwezo huo, Aristotle alikutana na kisu chako. Ukimkata mbuzi vipande viwili huna mbuzi wawili, una kitoweo. Ukikata marando ya viazi vitamu vipande ishirini, una shamba. Ukiangusha mti wa siala kwa ajili ya nguzo za nyumba, kisiki kinarudi na vichwa vitano. Sasa nafsi ya mti iko wapi, na ni ngapi? Alijibu kwamba katika kila mmea nafsi ni moja kwa uhalisi lakini nyingi kwa uwezekano. Kila sehemu ya mti, alisema, inabeba ndani yake mzizi na shina vinavyoweza kutokea.

Jibu hilo lina akili, ila Aristotle hakukaa nalo. Aliyekaa nalo ni mwanafunzi wake Theophrastus, mzaliwa wa Eresos katika kisiwa cha Lesbos, aliyezaliwa mnamo 371 KK na kurithi uongozi wa shule yake. Huyu ndiye mtu wako. Ametuachia vitabu tisa vya uchunguzi wa mimea na vingine sita vya sababu zake, na anaanza kwa swali ambalo linaonekana la kitoto: sehemu za mmea ni zipi? Kwa mnyama unahesabu, miguu minne, macho mawili, umemaliza. Kwa mti je? Majani, maua na matunda huanguka, mengine yakaja. Ni sehemu zake au si zake? Idadi yake haishikiki, anasema, kwa kuwa mmea huchipuka kila mahali, na huchipuka kila mahali kwa kuwa u hai kila mahali. Kwa hiyo tusiulazimishe ufanane na mnyama katika kila jambo. Naamini hiyo ndiyo sentensi ya kwanza katika falsafa yote inayoutazama mmea wenyewe bila kumtafuta mtu ndani yake.

Na akaandika juu ya kazi yako. Kijiti kilichopandikizwa, alisema, hulitumia shina la chini kama vile tawi lililopandwa linavyoutumia udongo. Kupandikiza ni aina ya kupanda, na udongo wenyewe ni mti mwingine. Kiswahili kimekubaliana naye bila kuulizwa: pandikiza ni mtoto wa panda.

Umeona inakokwenda? Hiyo ndiyo hoja ya mzee, iliandikwa miaka zaidi ya 2,200 kabla hajafika kibandani kwako. Kama Theophrastus yuko sawa, ulichomuuzia mzee ni kijiti cha Hass kilichopandwa ndani ya kipande cha udongo chenye mizizi. Kijiti kimekufa. Kilichozaa matunda ni udongo.

Wewe pia una wakili, tena mkubwa: Mwingereza John Locke. Katika toleo la pili la kitabu chake juu ya fahamu ya binadamu, mwaka 1694, aliongeza sura inayouliza nini hukifanya kitu kiwe kile kile jana na leo. Watu huikumbuka kwa sababu ya mtu na kumbukumbu zake. Wanasahau kwamba kabla hajafika kwa mtu alipitia kwa mwaloni. Rundo la chembe, anasema, ukiondoa moja au ukaongeza moja, si lile tena. Lakini mwaloni uliokuwa mche ukawa mti mkubwa, kisha ukapogolewa, bado ni mwaloni ule ule, kwa sababu unashiriki uhai mmoja unaoendelea huku chembe zikija na kuondoka. Kutoka hapo akaenda kwa mnyama, kisha binadamu, kisha nafsi inayojikumbuka. Mwambie binamu yako kwamba ule mjadala wote anaofundishwa, wa nini kinakufanya wewe uwe yule yule aliyezaliwa, njia yake ilipita chini ya mti.

Kwa Locke una mguu wa kusimamia. Mizizi iliyovuta maji siku mzee alipofukia shimo ndiyo inayovuta leo, na uhai haukukatika hata siku moja. Taabu ni kwamba mwaloni wake ni uhai mmoja tangu mwanzo. Wako ni uhai wa pande mbili uliofungwa kwa tepe ya nailoni, na swali ni upi kati ya hizo mbili ulioandikwa kwenye kibao chako cha bei.

Mjerumani Immanuel Kant alilisogeza mbele mwaka 1790, katika kitabu chake cha tatu kikubwa cha uhakiki. Anachukua mti, mti wowote tu, na kusema unajizaa mara tatu. Unazaa mti mwingine wa jinsi yake. Unajizaa wenyewe kwa kukua, ukigeuza maji na udongo kuwa mwili wake. Na sehemu zake huzaana na kutunzana: majani ni zao la mti, lakini yaondoe tena na tena, mti utakufa. Hapo analeta mfano wa chipukizi la mti mmoja lililotiwa kwenye tawi la mti mwingine, likatoa mmea wa jinsi yake lenyewe kwenye shina geni. Kisha anavuta pumzi na kusema jambo ambalo nililipitia haraka kila mwaka darasani, hadi barua yako ilipofika. Kama ni hivyo, kila tawi na kila jani la mti ule ule mmoja linaweza kutazamwa kama lililopandikizwa juu yake tu, kama mti unaojitegemea uliojishikiza kwa mwenzake na kumnyonya ili uishi.

Rudi hapo kidogo. Tunadhani mti wa kawaida ni mmoja na wa grafti ndio wa ajabu. Kant anageuza: grafti inatuonyesha jinsi kila mti ulivyo. Mwembe ulio nyuma yako kibandani ni umati wa miembe iliyokubaliana kutumia shina moja. Katika kitabu hicho hicho anasema ni upuuzi hata kutumaini kwamba siku moja atatokea mtu kama Newton, yule mwanafizikia, wa kutueleza unyasi mmoja kwa sheria za mwendo peke yake. Wanabiolojia wa baadaye wamembishia hilo, na nadhani wana haki kwa sehemu kubwa, lakini la tawi halijatikisika.

Mwaka ule ule wa 1790 mshairi wa Kijerumani Goethe alichapisha kijitabu cha kuonyesha kwamba sehemu za ua ni jani linalobadilika sura hatua kwa hatua. Miaka mitatu kabla, katika bustani ya Palermo, alikuwa akiutafuta kwa macho yake mmea wa asili ambao mimea yote ni sura zake. Alipomchorea mshairi mwenzake Schiller wazo lake mwaka 1794, Schiller alitikisa kichwa: hilo si jambo ulilolishuhudia, ni wazo. Goethe alikasirika, na mimi niko upande wa Schiller.

Miti mingine ya wanafalsafa ni mifano tu, naipita. Descartes alisema falsafa ni mti wenye mizizi ya metafizikia na shina la fizikia. Hegel alitumia tumba, ua na tunda kueleza jinsi falsafa moja inavyoikanusha nyingine huku ikiiendeleza. Mizuri, lakini mti wenyewe haumo. Mmoja tu ndio unaonikaa, wa mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950. Katika mji mwema, anasema, wako watu walio kama magugu katikati ya ngano. Karne mbili baadaye Ibn Bajja wa Andalusia aliligeuza neno lile lile: katika mji ulioharibika, mwenye rai ya kweli ndiye gugu, ameota bila kupandwa na mtu. Ibn Bajja aliandika pia juu ya mimea, na inasimuliwa kwamba aliuawa kwa biringani lililotiwa sumu, mwaka 1139. Nikiwa kijana niliona ni hadithi ya kusikitisha. Siku hizi naiona kama mimea imelipiza kwa kuitwa wajinga.

Na nikisema magugu, nawe ni mtu wa huko, unalijua kayongo, yaani striga. Ua lake la zambarau ni zuri, na mahindi chini yake ni ya njano na mafupi kama yamepigwa. Mbegu ya kayongo, ndogo kama vumbi, inaweza kukaa ardhini miaka mingi bila kuota. Haiamshwi na mvua peke yake. Inangoja kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mahindi au mtama, ikiipata ndiyo inaota na kuushika mzizi huo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kando ya ziwa, wamewafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi: mizizi yake inaiamsha mbegu ya kayongo kisha inaizuia isishike, ikafa kwa kukosa mwenyeji. Mmea mmoja unamwita adui wa mwenzake aje afe. Sitaki kusema desmodiamu ina akili. Charles Darwin, mwaka 1880, aliandika kwamba ncha ya mzizi hufanya kazi kama ubongo wa mnyama wa daraja la chini, na tangu hapo kila kizazi kina mtu wa kulipeleka neno hilo mbali kuliko ushahidi. Nasema tu kwamba ule usingizi ambao Aristotle aliipa mimea ulikuwa na masikio.

Kabla sijatoa hukumu, jambo moja la kwetu. Sarufi yetu inatofautisha mtu na mti kwa irabu moja, kisha inawatenga kabisa: mtu ameanguka, mti umeanguka. Hata siafu anapewa a- ya kiumbe hai. Mkuyu wa miaka mia, mkubwa kuliko zahanati, haupewi. Ungedhani Aristotle ndiye aliyetunga ngeli. Lakini mwili pia uko upande wa mti, na moyo, na mzimu. Mwili umechoka, moyo umesimama. Sehemu yetu kubwa tumeiweka kwenye ngeli ya miti na hatujaona ajabu.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, mvuvi wa kijijini kwetu Siaya alizama ziwani, na mwili haukupatikana. Baada ya siku nyingi za kungoja, wazee waliagiza yago, lile tunda refu la mwegea linaloning'inia kwa kamba yake kama soseji kubwa. Nakumbuka wanaume wawili wakilibeba, maana ni zito kuliko linavyoonekana, na lilikuwa na umande. Kaburi lilichimbwa la urefu wa mtu. Tunda likalazwa, watu wakalia kweli, mjane akalia kweli, udongo ukarudishwa. Hiyo ni mila ya Wajaluo kwa aliyepotea bila mwili. Hakuna aliyedhani yago ni yule mvuvi. Wala hakuna aliyedhani ni tunda tu. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wetu wa Siaya aliyefariki mwaka 1995, alizunguka vijijini akiwahoji wazee ili kuonyesha kwamba wanafikiri kwa kuhoji na hawarudii mila tu. Laiti angekuwa hai, ningemtuma kwa yule mteja wako. Mzee anayesema "huu ni mwingine, umesimama mahali pake" anatoka katika nchi inayojua mmea unaweza kusimama mahali pa nani.

Sasa hukumu. Wewe umeshindwa. Hakulipia mizizi, mbegu ya kienyeji angeipata bure jikoni kwake. Alilipia kijiti, na hapo namfuata Theophrastus dhidi ya Locke. Lakini mzee naye hajashinda, kwa sababu alisema mti wake ulikufa.

Mti gani? Mpanzi wa kwanza wa Hass ni Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta wa California, aliyeotesha mti mmoja kutokana na mbegu katika miaka ya 1920 na kuupatia hataza mwaka 1935. Hass zote duniani, za Murang'a, za Kisii, za kibandani kwako, ni vijiti vya mti huo, kijiti kutoka kijiti. Mti mama wenyewe ulikufa kwa kuoza mizizi mwaka 2002. Je, Hass ilikufa 2002? Ukisema hapana, na sioni utasemaje ndiyo ukiwa unaiuza kila Jumamosi, basi kijiti cha mzee kilikuwa tawi moja la mti mkubwa mno, lenye shina la kuazima pale shambani kwake. Kilichokauka ni tawi. Na aliyeliua ni yeye, kwa kuyaacha machipukizi ya chini ya tepe yakue yakalifunika, ingawa nina shaka kama siku ile ulimweleza. Ulimweleza?

Mvua ya masika ikianza, nenda kwake na msumeno na vijiti vya Hass vilivyokatwa asubuhi hiyo, umevifunga kwa gazeti lenye maji. Kata shina kwenye usawa wa kiuno, acha tawi moja la kienyeji liendelee kuilisha mizizi, pandikiza vijiti vitatu au vinne kuzunguka kisiki, funga vizuri. Vikishika, lile tawi la kienyeji liondoe. Kisha mwite mzee ainame, aone kwa macho mahali ambapo kila kinachochipuka chini yake ni cha kuvunjwa kwa kidole gumba kingali laini. Vijiti mpe bure. Kazi ya siku nzima akulipe nusu.